Ufalme wa Asmodeus: Kutoka Talmudi ya Babeli hadi Vitabu vya Kuita Pepo vya Ulaya

Mwaka 1904 Mwingereza Aleister Crowley alichapisha, kwa anwani ya Foyers nchini Uskochi, kitabu kiitwacho Goetia, kikidaiwa kuwa ni kazi ya Mfalme Sulemani mwana wa Daudi. Sehemu yake kubwa ni orodha. Inataja pepo 72, na kila mmoja amepewa cheo, umbo, kazi, idadi ya vikosi vilivyo chini yake na muhuri wa kumwitia. Wa 32 anaitwa Asmoday, naye ni mfalme. Ana vichwa vitatu, cha fahali, cha mtu na cha kondoo dume. Ana mkia wa nyoka na miguu ya bata bukini. Hutoa moto kinywani, amepanda joka la kuzimu na ameshika mkuki wenye bendera. Vikosi vyake ni 72.

Hilo ndilo umbo linalojulikana leo. Limechorwa na kurudiwa katika vitabu vingi vya uganga wa Kimagharibi, na kwa kuwa jina la Sulemani limewekwa mbele, msomaji hudhani kwamba ameshika mkononi mabaki ya elimu ya kale ya Kiebrania. Makala haya yanaonesha kwamba sivyo. Asmodeus alikuwa mfalme kweli katika maandiko ya Kiyahudi, lakini ufalme wake huko ulikuwa suala la sheria na maadili. Ufalme wa Goetia ni kitu kingine, na ulifika hapo kupitia kitabu cha daktari aliyeuchapa ili uchekwe. Suala hili haliwahusu wanazuoni wa hati peke yao. Daktari huyo aliandika wakati ambapo watu walikuwa wakichomwa moto kwa tuhuma za kushirikiana na pepo, na orodha yake ilikuwa sehemu ya hoja ya kuwatetea.

Istilahi zinahitaji neno kwanza. Kiswahili kina maneno matatu yanayogombania nafasi moja hapa: pepo, jini na shetani. Talmudi ya Babeli, katika kitabu cha Hagiga, inaeleza kwamba viumbe wanaoitwa shedim wana mambo matatu kama malaika na matatu kama binadamu: wana mbawa, huruka kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine na husikia yatakayotokea, lakini pia hula na kunywa, huzaana, na hufa. Kiumbe anayekula, anayeoa na anayekufa, kwa msemaji wa Kiswahili, si shetani. Ni jini. Kwa hiyo neno jini linatumika hapa kwa maandiko ya Talmudi, pepo kwa maandiko ya Kigiriki na orodha za Ulaya, na shetani pale ambapo mwandishi wa Kikristo anamzungumzia adui wa Mungu. Namna neno linavyolazimika kubadilika kutoka sura moja hadi nyingine ni sehemu ya historia yenyewe.

Jina bila cheo

Asmodeus anajitokeza kwanza katika Kitabu cha Tobiti, kilichoandikwa yapata karne ya 3 au ya 2 kabla ya Kristo. Kitabu hiki kimo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, ila hakimo katika Agano la Kale la Waprotestanti wala la Wayahudi. Hata hivyo asili yake ya Kiyahudi haina shaka: vipande vya hati tano za kitabu hicho, nne za Kiaramu na moja ya Kiebrania, vilipatikana katika pango la 4 la Qumran.

Habari yenyewe ni ya arusi. Sara binti Ragueli, wa Ekbatana katika nchi ya Umedi, ameolewa mara saba, na mara zote saba bwana arusi ameuawa na Asmodeus usiku wa kwanza. Kijana Tobia, akiongozwa na malaika Rafaeli aliyejigeuza msafiri, anachoma moyo na ini la samaki wa mto Tigri; moshi unamfukuza pepo hadi Misri ya juu, na huko malaika anamfunga. Asmodeus hasemi neno. Hana umbo, hana jeshi, hana kiti. Maandishi ya Kigiriki yanamwita pepo mbaya, basi. Wanaisimu wengi hulihusisha jina lake na aeshma daeva, pepo wa ghadhabu katika maandiko ya kale ya Kiirani, jambo linalopatana na mazingira ya Umedi. Wengine huliona jina hilo kwa sikio la Kiebrania, katika mzizi wenye maana ya kuangamiza. Katika maelezo yote mawili hakuna dalili ya ufalme.

Hali ni hiyo hiyo katika Wasia wa Sulemani, maandishi ya Kigiriki ya karne za mwanzo za Ukristo, ambamo Sulemani anapewa pete kupitia malaika Mikaeli na kuwaita pepo mmoja mmoja wahojiwe. Asmodeus analetwa akiwa amefungwa. Anakiri kwamba kazi yake ni kuwafitini maarusi, na kwamba ini na nyongo ya samaki humtimua, jambo linaloonesha kwamba mwandishi alikijua Kitabu cha Tobiti. Mkuu wa pepo katika Wasia ni Beelzebuli. Asmodeus anaishia kubeba maji na kukanda udongo wa ujenzi wa Hekalu. Ni kibarua.

Mfalme anayesoma

Cheo cha ufalme kinapatikana Babeli, katika Talmudi iliyokamilishwa yapata karne ya 6 chini ya dola ya Wasasani. Hapo anaitwa Ashmedai, mfalme wa majini, na habari yake ndefu imo katika kitabu cha Gitin, kurasa za 68a na 68b. Kitabu hicho kwa jumla kinahusu talaka, na habari yenyewe inaingizwa katika mjadala wa ugonjwa na akili timamu ya mtu anayetoa talaka. Msomaji wa leo huirukia habari ya jini na kuyaacha mazingira hayo nyuma, na hilo ni kosa, kwa sababu habari nzima ni ya kuuliza nani ana mamlaka na nani ana akili.

Sulemani anataka kujenga Hekalu bila chombo cha chuma, kama isemavyo Wafalme wa Kwanza 6:7. Anahitaji shamiri, kitu chenye uwezo wa kupasua mawe, na anaambiwa kwamba Ashmedai ndiye ajuaye kilipo. Ashmedai anaishi mlimani. Amechimba kisima, amekifunika kwa jiwe na kukitia muhuri. Kila siku hupanda mbinguni kusoma katika chuo cha mbinguni, kisha hushuka kusoma katika chuo cha duniani, na arudipo hukagua muhuri wake kabla ya kunywa. Benaya mwana wa Yehoyada anatumwa na mnyororo wenye Jina la Mungu, pete yenye Jina hilo, sufi na viriba vya divai. Anakitoboa kisima kwa chini, anayatoa maji na kutia divai kwa juu bila kuugusa muhuri. Ashmedai anaikataa divai kwa kukumbuka Maandiko yanayoonya juu ya ulevi, kiu inamshinda, anakunywa, analala, anafungwa.

Safari ya kumpeleka Yerusalemu ndiyo kiini. Njiani anajisugua kwenye mtende na kuuangusha, anajisugua kwenye nyumba na kuibomoa. Anapofikia kibanda cha mjane, mwanamke anatoka na kumsihi, naye anapinda mwili ili asikiguse, na kwa kupinda huko anavunjika mfupa. Anamwona kipofu aliyepotea njia akamrudisha njiani. Anaona arusi inashangiliwa akalia. Anamsikia mtu akiagiza viatu vya kumtosha miaka saba akacheka. Anamwona mpiga ramli akiagua akacheka tena. Alipoulizwa alieleza: kipofu yule ametangazwa mbinguni kuwa mwenye haki, bwana arusi atakufa ndani ya siku 30 na bibi arusi atalazimika kumngoja shemeji aliye bado mtoto kwa miaka 13, mwenye kuagiza viatu hana hata siku saba za kuishi, na mpiga ramli ameketi juu ya hazina ya kifalme iliyozikwa, naye haioni.

Inafaa kulitazama tukio la arusi kwa makini. Katika Tobiti, kiumbe huyu aliwaua wanaume saba kwenye vyumba vya arusi. Hapa amesimama kando ya arusi akimlilia mwanamke atakayefiwa, na anachokililia ni shida ya kisheria, yaani wajibu wa mjane kumngoja ndugu wa marehemu. Haielekei kuwa hiyo ni sadfa. Waliosimulia Babeli walichukua jina lililofungamana na kifo cha maarusi wakalipa masikitiko ya mwanasheria.

Kisha inakuja sehemu inayojulikana zaidi. Sulemani, akiwa peke yake na mateka wake, anamuuliza majini wamewazidi binadamu kwa lipi. Ashmedai anaomba afunguliwe mnyororo na apewe pete, kisha anamrusha mfalme umbali wa parasangi 400 na kukalia kiti chake. Sulemani anazunguka akiombaomba na kudai kwamba alikuwa mfalme. Hatimaye baraza linamgundua aliyekaa kitini: hafunui miguu yake kamwe, na huwaendea wake wa mfalme katika siku walizokatazwa. Msomaji wa Kiislamu ataikumbuka aya ya 34 ya Sura Sad, inayosema kwamba kiwiliwili kiliwekwa juu ya kiti cha Sulemani, na masimulizi ya wafasiri yanayomtaja Sakhr aliyeiiba pete. Masimulizi haya mawili ni ndugu, ingawa wafasiri wengine wa Kiislamu waliyapinga vikali kwa kuwa hayaendani na heshima ya mtume.

Maana ya neno mfalme imejadiliwa waziwazi mahali pengine, katika kitabu cha Pesahim 110a, kwenye mjadala wa hatari ya kunywa vikombe vya idadi shufwa. Rabi Yosefu anapokea habari kutoka kwa jini aitwaye pia Yosefu, ambalo peke yake ni jambo la kufurahisha: jini anatoa ushahidi kama shahidi mwingine yeyote. Anasema Ashmedai, mfalme wa majini, ndiye aliyewekwa juu ya kila kitu cha shufwa, na kwamba mfalme haitwi mdhuru. Yaani kwa kuwa yuko chini ya mfalme, mtu asiogope. Lakini wengine wanaupindua ushahidi huo: kinyume chake, mfalme ni mwepesi wa hasira na hufanya atakalo, kwa maana mfalme huruhusiwa kubomoa ua wa mtu ili apite, na hakuna wa kumzuia.

Hapo ndipo ilipo siasa ya Ashmedai. Wayahudi wa Babeli waliishi chini ya mfalme wa kigeni, na swali lao juu ya jini ni swali lile lile juu ya mtawala: je, cheo humzuia mwenye nguvu asidhuru, au humpa ruhusa? Jini anayebomoa nyumba lakini anayejivunja mfupa ili asiguse kibanda cha mjane ni jibu lenye pande mbili. Hakuna chochote katika kurasa hizi kinachofundisha namna ya kumwita. Pete na mnyororo vimo, lakini vimo ili vishindwe.

Kutoka jini hadi dhambi

Ulaya ya Kilatini ilimpokea Asmodeus kwanza kupitia Tobiti, si kupitia Talmudi. Kwa hiyo alikuwa shetani wa chumba cha kulala. Heinrich Kramer, katika kitabu chake Malleus Maleficarum kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1486, anamtaja kuwa shetani wa uasherati. Mwaka 1589 Peter Binsfeld, askofu msaidizi wa Trier, aliwagawa mashetani wakuu kwa dhambi saba za mzizi, na Asmodeus akapewa tamaa ya mwili. Huyu si jini tena: hali, hanywi, hasomi, hafi.

Binsfeld hakuandika kwa kujifurahisha. Kitabu chake kilihusu uzito wa ushahidi unaotolewa na wachawi waliokiri, yaani kama majina wanayoyataja mateka chini ya mateso yanatosha kuwakamata wengine, na jibu lake lilikuwa kwamba yanatosha. Trier ya miaka hiyo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoua watu wengi zaidi kwa tuhuma za uchawi. Nusu karne baadaye, huko Loudun nchini Ufaransa, Asmodeus alitajwa miongoni mwa mashetani waliosemekana kumwingia mkuu wa watawa, Jeanne des Anges. Miongoni mwa karatasi za shauri hilo imo ahadi iliyotiwa saini kwa jina la Asmodeus ya kuondoka mwilini mwa mtawa. Padri Urbain Grandier alichomwa akiwa hai tarehe 18 Agosti 1634.

Sambamba na mkondo huo wa makanisa na mahakama kulikuwa na mkondo mwingine wa hati za siri, nyingi zikidai kuwa za Sulemani. William wa Auvergne, aliyekuwa askofu wa Paris kuanzia 1228 hadi 1249, alikwisha kuzilaani hati za namna hiyo. Baadhi zilibeba elimu ya Kiarabu: kitabu cha Kilatini kiitwacho Heptameron kinamtaja Maymon kuwa mfalme wa pepo wa Jumamosi, na ni vigumu kutomtambua humo Maymuni, mfalme wa jini wa siku hiyo hiyo katika elimu ya talasimu ya Kiarabu, anayejulikana pia kwa waganga wa kitabu wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika hati hizi neno mfalme lilianza kuwa la matumizi. Mwenye kuita alitaka kujua cheo ili ajue la kuomba.

Orodha ya daktari

Johann Weyer alizaliwa mwaka 1515, akasoma kwa Heinrich Cornelius Agrippa, kisha akawa daktari wa mtawala Wilhelm wa Jülich, Cleves na Berg. Mwaka 1563 alichapisha mjini Basel kitabu chake kikuu juu ya hila za pepo, De praestigiis daemonum. Hoja yake ni rahisi kuieleza, ijapokuwa aliijaza kurasa nyingi. Wanawake wazee wanaokiri kwamba wameruka usiku na kuharibu mazao ni wagonjwa. Huzuni nzito imewavuruga fikra, na shetani amewadanganya. Wanahitaji tabibu na mwalimu wa dini, si mnyongaji. Wenye hatia kweli, ikiwa wapo, ni wanaume wasomi wanaofungua vitabu na kuita pepo kwa makusudi.

Weyer hakuwa mtu asiyeamini mashetani. Aliwaamini sana, na nguvu ya hoja yake imetoka humo: shetani ana uwezo wa kutosha, hamhitaji kikongwe wa kijijini kumsaidia kuleta mvua ya mawe. Watetezi wa leo wanaomfanya awe mwanasayansi aliyezaliwa kabla ya wakati wake wanamwondolea silaha yake bora.

Katika toleo la 1577 aliongeza kiambatisho alichokiita Pseudomonarchia Daemonum, yaani ufalme wa uongo wa pepo. Alieleza kwamba ameutoa katika hati iliyoitwa Kitabu cha Kazi za Pepo, iliyonasibishwa na Sulemani. Jina la kiambatisho limeshatoa hukumu. Kina pepo 69: wafalme, watawala wa majimbo, makabaila, wakuu wa dini na mashujaa wa farasi, nakala ya dola za Ulaya na ngazi zake zote. Weyer aliianika ili wasomaji waone upuuzi ambao wanaume wenye elimu waliufungia sandukuni kama hazina, na alisema kwamba ameacha baadhi ya maneno kwa makusudi, asije mtu akaitumia.

Humo Asmodeus anaitwa Sidonay au Asmoday. Vichwa vitatu, joka, mkuki na bendera vyote vimo. Yuko chini ya Amaymon, mfalme wa Mashariki. Anafundisha jometri, hesabu, elimu ya nyota na kazi za mikono, anatoa pete, anaonesha hazina zilizofichwa. Mwenye kumwita sharti asimame kichwa wazi, la sivyo atadanganywa. Mtu aliyetoka kusoma Gitin ataona vipande vya kuvunjika: pete ipo, lakini imekuwa zawadi, hazina iliyozikwa ipo, lakini sasa jini anamwonesha mtu yule yule aliyemcheka zamani, mpiga ramli. Chuo cha mbinguni kimebaki kuwa masomo ya hesabu. Mjane hayupo, wala kipofu, wala bibi arusi. Kilichosalia cha ufalme ni kofia ya kuvuliwa.

Mahali pengine katika orodha, chini ya jina la Belial, imo habari kwamba Sulemani aliwafungia wafalme 72 ndani ya chombo cha shaba, wa kwanza akiwa Bileth, wa pili Belial na wa tatu Asmoday. Katika Talmudi jini alimtupa mfalme. Hapa mfalme amemtia jini chupani. Kitabu cha kuita pepo hakiwezi kustahimili mwisho mwingine, kwa kuwa mnunuzi wake anataka kuhakikishiwa kwamba Sulemani alishinda.

Wapinzani wa Weyer hawakucheka. Jean Bodin, mwanasheria wa Ufaransa, aliongeza mwishoni mwa kitabu chake cha 1580 jibu refu dhidi yake, akimshutumu kwa kueneza majina ya pepo na maarifa ya kuwaita. Katika hili, na katika hili tu, Bodin aliona mbali.

Pruflas

Mwaka 1584 Reginald Scot wa Kent alichapisha Discoverie of Witchcraft, kitabu chenye lengo kama la Weyer na ukali kuzidi wa Weyer, akaitafsiri orodha hiyo kwa Kiingereza ili Waingereza nao waicheke. Katika tafsiri yake pepo mmoja hayupo. Ni Pruflas, wa nne katika orodha ya Weyer. Kwa hiyo Scot ana pepo 68.

Goetia ni sehemu ya kwanza ya mkusanyiko uitwao Lemegeton, au Ufunguo Mdogo wa Sulemani, unaopatikana katika hati za Kiingereza za karne ya 17 zilizomo kwenye mkusanyo wa Sloane katika Maktaba ya Uingereza. Mojawapo, Sloane 2731, ina tarehe ya 1687. Pepo wake ni 72. Wanne hawamo kwa Weyer: Vassago, Seere, Dantalion na Andromalius, na watatu wa mwisho wamewekwa mkiani mwa orodha, nambari 70, 71 na 72, kama watu waliofika wakati safu imekwisha kupangwa. Waliobaki ni 68, wale wale wa Scot. Pruflas hayumo.

Hesabu hii ndogo ina uzito kuliko maelezo mengi. Kama Goetia ingetokana na hati ya kale ya Sulemani isiyotegemea vitabu vilivyochapwa, kusingekuwa na sababu ya kumkosa pepo yule yule aliyedondoka katika tafsiri ya Kiingereza ya 1584. Ushahidi unaelekeza kwamba mwandishi wa Goetia alikuwa na orodha ya Scot mbele yake, akaongeza wanne ili ifikie 72, idadi inayolingana na majina 72 ya Mungu katika mapokeo ya Kabala na wafalme 72 wa chombo cha shaba, akawachorea wote mihuri ambayo Weyer na Scot hawakuwa nayo.

Ushahidi wa pili ni wa saa. Weyer anaandika kwamba wafalme huweza kufungwa kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, na kuanzia saa tisa hadi jioni. Hizo ni saa za Kilatini za kanisa, zinazohesabiwa tangu mapambazuko, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuzigeuza: saa tatu ya Weyer ni saa tatu ya asubuhi hii hii. Goetia, iliyoandikwa na mtu wa saa za ukutani, imezigeuza kuwa tisa hadi kumi na mbili ya Kizungu, na tatu hadi machweo. Mnakili aliyefanya hivyo alitaka kuitumia. Mtu hageuzi saa za kitu anachokicheka.

Ndivyo cheo cha mfalme kilivyopata maana yake ya tatu. Katika Goetia, ufalme wa Asmoday ni maelekezo ya utendaji: kwa kuwa ni mfalme, muhuri wake uwe wa dhahabu, kwa kuwa ni mfalme, aitwe saa hizi wala si zile. Dhihaka ya Weyer imeondolewa kwa njia rahisi kuliko zote, yaani kwa kuliacha jina la kiambatisho, utangulizi wake na kitabu kizima kilichokizunguka. Hakuna aliyehitaji kumjibu. Ilitosha kunakili kurasa chache. Pamoja na dhihaka liliondoka lile ambalo dhihaka ilikuwepo kulitetea: kwamba aliyestahili kuulizwa maswali ni msomi mwenye pete na kitabu, si kikongwe aliyeshtakiwa na jirani.

Karne zilizofuata zilimfanyia Asmodeus mengine, ya kupitiwa haraka. Mwaka 1707 Alain-René Lesage alimtoa chupani na kumfanya mcheshi anayefunua mapaa ya nyumba za Madrid ili mwanafunzi aone siri za watu. Toleo la 1863 la kamusi ya pepo ya Collin de Plancy lilimpa mchoro wa Louis Le Breton, na tangu hapo vichwa vitatu vimekuwa sura yake rasmi.

Maandishi ya 1904 yalikuwa yametayarishwa na Samuel Liddell Mathers kutokana na hati za Maktaba ya Uingereza. Crowley aliyatolea insha ya utangulizi yenye kudai kwamba pepo wa Goetia ni sehemu za ubongo wa binadamu, na kwamba mihuri na majina ni njia za kuziamsha. Dai hilo linaonekana la kisasa, na liliwavutia wengi kwa sababu linamwezesha mtu kuendelea na ibada bila kulazimika kuamini. Lakini halikuigusa orodha. Crowley alibadilisha mahali pepo wanapokaa, akawaacha na vyeo vyao, saa zao na dhahabu yao. Asmoday wa ubongoni bado ni mfalme, bado yuko chini ya Amaymon, na anayemwita bado anatakiwa avue kofia. Majina yote 72 yamechapwa kwa mpangilio wa hati za karne ya 17, na mtafiti anayeyahesabu moja baada ya jingine hatamkuta Pruflas.